Kiungo cha Mbao katika Kasri la Beijing

Seven Hills, Sydney

Mjukuu wangu Neema,

Habari za huko Dodoma? Sisi tumefungiwa ndani kwa sababu ya korona, lakini tu wazima. Shangazi yako bado anaingia zamu hospitalini Westmead. Akirudi hunisalimu akiwa mlangoni.

Juzi kwenye simu uliniuliza kasri la wafalme wa China limesimamaje miaka yote hiyo bila misumari. Nikasema nimesahau. Nilikudanganya, mjukuu wangu.

Nikiwa mwanafunzi wa ujenzi Beijing, mwalimu alitupeleka huko. Chini ya paa la vigae vya njano, fundi mzee alikuwa akikarabati viungo vya mbao. Vinashikana vyenyewe, vikiachiwa nafasi kidogo, ili ardhi ikitikisika vicheze visivunjike. Alinipa kimoja cha zamani nikiunganishe.

"Polepole," alisema.

Sikutaka kushindwa mbele ya wenzangu, nikakigonga kwa nyundo. Kikapasuka.

"Nani kafanya hivi?" msimamizi aliuliza.

Nikanyamaza, nikihofia kurudishwa nyumbani. Mzee akanitazama, kisha akasema, "Ni mimi. Mikono imezeeka."

Wiki iliyofuata nilimkuta uani anafagia majani. Kazi ya mbao alikuwa amenyang'anywa. Akanisalimu kwa jina langu. Mimi nikainama, nikajifanya nafunga kamba za kiatu mpaka akapita.

Nimevuka miaka sabini sasa, na jina lake silijui, kwa sababu sikumuuliza.

Babu yako