Ramani ya Uyoga wa Bibi Huguette

Jumapili, 28 Septemba

Leo Bibi amenipeleka kwenye uyoga wake. Mimi! Mama hajawahi kupelekwa, na Mama ana miaka arobaini na mmoja. Nilipomuuliza Bibi kwa nini, alisema Mama aliolewa na mtu anayeongea sana. Huyo ni Baba. Siku hizi Baba anaongea huko Limoges na mke mwingine, lakini Bibi hajabadili msimamo.

Tulizunguka njia ndefu makusudi, tukapitia makaburini, ili mtu akituona adhani tumeenda kumsalimu Babu. Kisha tukashuka bondeni, nyuma ya ukuta uliobomoka. Pale chini ya miti ya mialoni — sepu kumi na moja, uyoga ule mnene wa kwetu! Mashina manene kama kifundo cha mkono wangu, kofia rangi ya mkate ulioiva. Bibi anakata kwa kisu kidogo, kisha anafunika shimo kwa majani makavu ili mwingine asijue palikuwa na kitu. Kikapu nacho akakifunika kwa majani ya kangaga.

Wakati wa kurudi tukakutana na Bwana Lachaud, jirani yetu. Ndiye anayetuletea mayai, na ndiye anayempeleka Bibi kwa daktari tangu Bibi aache kuendesha gari.

— Vipi Huguette, zipo?

— Wapi! Mbili tu, tena zina funza.

— Upande gani?

— Kule, kwenye tangi la maji.

Hatukulikaribia tangi la maji hata kidogo! Bwana Lachaud akacheka, akasema ajabu, naye alikuwa huko huko na hakutuona. Kikapu chake nacho kilikuwa kimefunikwa kangaga.

Niliona aibu. Bibi haachi misa hata siku moja, na ameongopa bila kupepesa jicho. Shuleni Mwalimu Tessier anatufundisha: andika ulichokiona, na utaje ulikokitoa.

Jumatano, 1 Oktoba

Hakuna shule mchana. Tumepika. Naandika yote vizuri kwa sababu Mwalimu ametupa kazi: kila mmoja atengeneze bango la chakula kimoja cha kwao. Jinsi kinavyopikwa, nani alimfundisha nani, na kila kitu kinatoka wapi. «Kila kitu» alikipigia mstari.

Sepu hazioshwi. Ukiziosha Bibi anakufukuza jikoni. Zinafutwa kwa kitambaa chenye unyevu, taratibu, kama uso wa mtoto. Kofia zinakatwa vipande, mashina yanakatwakatwa pamoja na kitunguu saumu na kotimiri. Kwanza kikaango kikavu mpaka zitoe maji yake yote. Ndipo mafuta ya bata. Ndipo mayai ya Bwana Lachaud, sita, na katikati yabaki yanatetemeka. Kabla ya hapo tulikunywa supu ya upupu, ambao ukichemshwa hauwashi tena. Mimi ndiye niliyeuchuma, na glavu zilikuwa na tundu.

Mama alirudi kutoka kazini tukiwa tumeanza kula. Akasema amekula uyoga wa mama yake miaka yote hii na hajui hata unatoka upande gani wa barabara. Bibi akamwambia akae, chakula kinapoa.

Nilitaka kusema kwamba mimi najua. Nilitafuna mkate.

Jumapili, 5 Oktoba

Bango limekwisha. Nimechora kikaango, kitunguu saumu, bata. Pembeni kulia nimechora ramani, kwa kalamu nne za rangi. Makaburi, njia, ukuta uliobomoka, mialoni mitano. Kwenye mwaloni wa tatu nimeweka alama nyekundu. Nimeandika kwa herufi ndogo nadhifu: «Hapa, upande wa kaskazini wa shina, baada ya mvua ya siku mbili.»

Nadhani ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Jumanne, 7 Oktoba

Kumi na nane kati ya ishirini!!! Mwalimu Tessier ameandika kwa wino mwekundu: «Ramani ina maelezo kamili. Hongera, Perrine.» Yeye ametoka mjini Lyon mwaka huu. Amesema laiti wote wangekuwa waaminifu hivi katika kutaja vyanzo.

Bibi amefurahi sana. Ameuliza bango liko wapi, anataka kulitundika jikoni juu ya jiko. Nimemwambia linabaki shuleni kwa ajili ya jioni ya wazazi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Jioni ya wazazi. Mama alikuwa kazini, na Bibi hapendi ngazi za shule. Bwana Lachaud akanipeleka kwa gari lake linalonuka kuku.

Mabango yote yalikuwa ukutani kwenye ujia, na langu karibu na mlango. Bwana Lachaud alilisoma muda mrefu sana. Akakohoa. Akasema ninachora vizuri, hata mialoni nimeihesabu. Kisha akageuka na kusimama palepale, mgongo wake juu ya ramani, koti limefunguka pande zote mbili. Watu wanapita, yeye hasogei! Ilibidi nimwambie kwa adabu, Bwana Lachaud, tafadhali, watu hawaoni. Akanitazama. Akasogea.

Baadaye mwanamume mmoja mwenye koti la kijani alipiga picha kwa simu. Hakupiga kikaango wala bata. Alipiga ramani tu, mara mbili. Nilifurahi.

Kwenye gari Bwana Lachaud aliendesha polepole mpaka nyumbani. Nilidhani amechoka.

Jumapili, 12 Oktoba

Mvua ilinyesha Alhamisi na Ijumaa. Leo baada ya misa Bibi akasema twende, zitakuwa zimetoka.

Kulikuwa na magari sita kando ya makaburi. Sita. Bibi akasema labda kuna maziko. Lakini padri tulikuwa tumetoka kumwacha kanisani.

Kule bondeni — sijui niandikeje. Majani yote yamepekuliwa kwa reki mpaka udongo mweusi unaonekana. Vipande vya uyoga vimekanyagwa. Hata vile vidogo, vya ukubwa wa kidole gumba, vimeng'olewa na kutupwa. Watu watatu walikuwa bado wanapekua, na mmoja alikuwa na ndoo ya plastiki. Ndoo! Mmoja wao alikuwa na koti la kijani.

Nilielewa papo hapo.

Bibi hakuwapigia kelele. Aliegemea mwaloni wa tatu kwa mkono mmoja. Akasema baba yake alimleta hapa mwaka aliopata komunyo ya kwanza, na kaka yake hakuambiwa, na kaka yake huyo akamnunia miaka kumi na tisa. Akasema: miaka sitini na nane, Perrine, na hakuna aliyejua. Kisha akauliza, kama anauliza miti: ni nani aliyesema?

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nikasema: Sijui, Bibi.

Nimeandika neno hilo ili nilione. Sijui. Bila kupepesa jicho.

Jumatatu, 13 Oktoba

Najitetea kichwani siku nzima. Bibi hakuniambia usiseme. Mwalimu alitaka kila kitu. Mimi nilisema kweli tu.

Lakini mtu haoni kikapu kikifunikwa kangaga mbele ya macho yake halafu akasema hakuambiwa. Nilijua. Nilitaka waone kwamba mimi ndiye niliyepelekwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Gari la mkate lilipiga honi saa tano. Mwalimu wa hesabu anaumwa, ndiyo maana nilikuwa nyumbani. Laiti ningekuwa shuleni.

Wanawake watatu walikuwa kwenye foleni, na Bwana Lachaud. Bibi akasema kwa sauti, lakini akimtazama muuza mkate, kwamba kuna watu wanakula mezani kwako huku wanahesabu vijiko.

— Unanisema mimi, Huguette? akauliza Bwana Lachaud.

— Nani alitukuta tarehe ishirini na nane? Nani aliuliza upande gani? Ulitufuata nyuma kama nguruwe anayenusa!

— Nikufuate wewe? Na goti hili? Hata kobe wangu wa bustanini ananipita.

Wanawake wakacheka. Bibi hakucheka. Akamwambia asikanyage tena ua wake, yeye na mayai yake. Akamwita Lachaud tu, bila Bwana, bila hata jina lake, Raymond. Wamejuana tangu darasa la kwanza.

Yeye akanitazama. Si kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali ningeweza kuvumilia. Kisha akaondoka, akausahau mkate wake juu ya kaunta ya gari. Mimi niliushika mkate wetu, wa moto, na sikufungua mdomo. Sina la kujitetea hapa. Nilikuwa na dakika nzima.

Jumatano, 15 Oktoba

Nilijaribu kumwambia Mama. Alikuwa anaanika nguo. Nikasema, Mama, ikiwa mtu amefanya kosa kwa nia njema... Akasema nishike ncha ya shuka. Tukakunja shuka. Akauliza nilikuwa nasema nini. Nikasema hakuna.

Bibi amepika viazi. Hakuna yai hata moja ndani ya nyumba.

Alhamisi, 16 Oktoba

Niliposhuka kwenye basi la shule Bwana Lachaud alikuwa ananingoja, na mfuko wa karatasi mkononi. Mayai sita. Akasema nimpe Bibi, niseme yametoka kwa dada yake Bibi wa kijiji cha pili, kwa kuwa mwanamke yule bila mayai huwa mkali kuliko haradali.

Nikamwambia: Bwana Lachaud, ni mimi.

— Najua, kifaranga. Nilisoma. Mwaloni wa tatu, upande wa kaskazini.

— Kwa nini hukumwambia?

Akatazama barabara. Akasema alikuwa na nia ya kulichana bango lile usiku ule ule, lakini mimi nilikuwa nimesimama hapo nikitabasamu kama harusini. Ndipo nikaelewa habari ya koti lake lililofunguka. Na mimi nilimwambia asogee! Kwa adabu!

Akasema yeye ni mzee, ameshaitwa mwizi na watu wakubwa kuliko Huguette. Anaweza kubeba. Nikasema si haki. Akasema hapana, si haki, na mimi ndiye nitakayejua lini nimechoka kumwona akibeba. Kisha akaenda zake, akiburuta goti.

Nilimpa Bibi mayai. Nilisema yametoka kwa dada yake. Sasa nimesema uongo mara mbili.

Ijumaa, 17 Oktoba

Likizo imeanza. Mwalimu Tessier amerudisha mabango. Langu liko chini ya godoro. Niliwaza kulichana, nikawaza kulichoma, nikawaza kukata ile pembe ya ramani peke yake na kubakiza kikaango. Mkasi niliushika. Ningekata vizuri sana, ungedhani bango lilizaliwa hivyo.

Sikukata. Sijui kama huo ni ujasiri au ni kwa sababu ya ile kumi na nane. Kweli sijui.

Wakati wa supu Bibi aliweka kijiko chini. Akasema kuna mahali pengine. Pa pili. Hata Babu hakupajua mpaka anakufa. Alikuwa anapaficha ili apataje siku yake ya mwisho, kama wengi hapa wanavyofanya, lakini baada ya wiki hii ameona bora amwonyeshe mtu yeye angali ana miguu. Akasema kwangu yeye hana wasiwasi. Akasema hivyo mbele ya Mama. Mama akainamisha kichwa kwenye sahani yake, na nikaona masikio yake yamekuwa mekundu.

Kesho asubuhi, akasema Bibi. Uvae soksi nzito.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika nimekaa kwenye ngazi. Naona jikoni kupitia nguzo za mbao.

Saa mbili Bibi alikuwa tayari, viatu vya mpira, kikapu, kisu kidogo. Nikashuka na bango mikononi. Nilikuwa nimepanga sentensi. Nilizipanga usiku kucha, tano, kwa mpangilio mzuri: kosa, sababu, Bwana Lachaud, msamaha, adhabu. Niliposimama mbele yake hakuna hata moja iliyotoka. Nikasema tu: Bibi, kabla hatujaenda, soma hili. Soma pembeni. Nikalitandaza mezani na kuja hapa mbio.

Mwanzoni ameona ile kumi na nane, kwa sababu ni kubwa na nyekundu. Amepiga makofi! Amemwita Mama aje aone, amesema mtoto huyu ana kichwa cha baba yake Bibi. Amelipima ukutani juu ya jiko. Amesema linaenea kabisa, Mama atafute misumari. Kisha amelirudisha mezani kwa sababu anataka kusoma yote, asiruke kitu. Analalamika herufi zangu ni ndogo kama za mfamasia.

Sasa anatafuta miwani.

Mama ameshasoma. Kidole chake kimesimama juu ya mwaloni wa tatu. Ameinua macho ananitazama huku juu. Kidogo kidogo anaanza kulikunja bango, pole pole, kuanzia ile pembe. Natikisa kichwa. Anaacha.

Bibi amefungua droo ya vijiko. Amepapasa mfuko wa aproni. Ameangalia hata ndani ya kikapu.

— Perrine! Njoo, wewe una macho. Umeiona miwani yangu?

Iko juu ya kichwa chake, imezama kwenye nywele.

Nimeiona, Bibi. Nakuja —