Simu Mbili za Sura Moja, na Mkwe Wangu Anayeuza Moja

Mshauri wangu Bi Maxine,

Nimekusoma gazetini kila Alhamisi kwa miaka mingi, na siku zote nikisema hawa wanaokuandikia hivi hawana ndugu wa kuwaambia mambo yao, na leo ni mimi, kwa hiyo nisamehe na unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ikipita sijui nitaweka wapi uso wangu.

Naitwa Lorna Tveit, nina miaka hamsini na tisa, mimi na mume wangu Arvid tunafuga ng'ombe bondeni, kwenye kijito cha Sandrock, ambako lami inaishia kabla hujafika. Mwezi wa pili simu yangu ya kukunja ilikufa kabisa, na Arvid akasema safari hii nunua simu ya maana, ile mpya kubwa inayosifiwa kila mahali, kwa sababu mwezi wa tatu ng'ombe wanazaa na hatuwezi kuitana kwa kupiga makelele kama vichaa. Basi nikaanza kuulizia, nikakuta simu ni ileile moja, kioo kilekile, kamera zilezile, ila inauzwa kwa namna mbili. Kuna ya kampuni kubwa, ambayo wameifunga isipokee laini ya mtu mwingine mpaka umalize miaka mitatu ya mkataba, hiyo unaipata karibu bure, na ukiiwasha jina lao ndilo linalotangulia, na imejaa vitu vyao ambavyo hata ukitaka kuvifuta havifutiki. Halafu kuna isiyofungwa, ambayo unalipia bei yote mwenyewe kisha unatia laini unayoitaka. Kwetu hilo si jambo dogo, kwa sababu mnara wa kampuni kubwa uko mjini na kilima kimetukinga, na mnara pekee unaofika zizini kwetu ni wa ule ushirika wa simu wa wafugaji.

Nikaagiza isiyofungwa, kwa fedha yangu niliyoipata kwa kuuza mablanketi ya viraka, na sikumwambia mtu, kwa sababu binti yetu Janelle ameolewa na Derrick, na Derrick ndiye anayeuza simu kwenye duka la hiyo kampuni kubwa.

Sasa kabla simu haijafika, Jumapili wakaja kula, nimepika nyama ya kuoka na viazi, na Derrick hali. Nikamuuliza una nini, akasema, "Mama, nimebakiza moja. Moja tu. Mwezi unaisha Ijumaa, na nisipofikisha idadi, Bwana Pulver ananirudisha kupanga mabokisi stoo." Janelle aliniangalia, na wewe ni mzazi unajua mtoto anavyoangalia. Derrick akatoa simu yake mfukoni, ileile ya kisasa, akampigia rafiki yake palepale jikoni kwangu, akaniwekea sikioni, "Sikia mwenyewe, mama. Safi kama yuko chumba cha pili." Kweli ilikuwa safi. Ijumaa nikaenda dukani nikasaini miaka mitatu, wakaniambia nina siku kumi na nne za kubadili mawazo.

Jumatatu ile isiyofungwa ikafika. Bi Maxine, niliona aibu mpaka nikacheka. Nikatia laini ya ushirika, nikaijaribu zizini, ikashika vizuri, kisha badala ya kumwambia mume wangu ukweli nikaificha kulekule zizini kwenye kopo la dawa ya ndama wanaoharisha, kopo ambalo Arvid halisogelei kwa harufu yake. Nikasema nitaamua. Ile ya Derrick nikawa natembea nayo. Ndani ya nyumba ilikuwa inashika, nikitoka kibarazani hatua kumi imekufa.

Jumatano yake, kama saa nne asubuhi, theluji imeanguka usiku kucha, Arvid aliingia zizini kumvisha hereni ya namba ndama wa mtamba mmoja aliyekuwa amezaa kwa mara ya kwanza, na yule mtamba akapandwa na wazimu, akamkumba Arvid akambana kwenye lango la chuma, lango likang'oka bawaba likamwangukia. Niliingia na koleo la theluji nikampiga ng'ombe puani mpaka akarudi pembeni, lakini lango sikuliweza, nilivuta mpaka nikahisi mgongo unakatika.

"Arvid, unanisikia?"

"Nakusikia. Mguu ndio siusikii."

Simu ya Arvid ilikuwa mfukoni chini yake, nikatoa yangu kwenye koti. Hakuna mtandao. Nikainua juu, nikapanda kwenye marobota ya nyasi, hakuna. Na ng'ombe ananiangalia. Ndipo nikakumbuka kopo, nikalifungua kwa meno nadhani, sikumbuki, nikampigia jirani yetu Verna, ambaye shamba lake liko dakika saba kutoka kwetu, na huku nyuma namsikia mume wangu pale chini ya chuma anasema, "Lorna, hiyo umeitoa wapi?"

"Nyamaza."

"Kwenye dawa ya kuhara?"

"Arvid, nyamaza, napiga simu!"

Verna aliitikia mara ya kwanza. Alisema, "Niko juu ya trekta tayari, fungua geti la barabarani," basi, akakata. Alikuja akaingiza meno ya trekta chini ya lile lango akaliinua polepole kama anayeinua kitoto, na nikamvuta mume wangu kwa kola. Gari la wagonjwa nililoliita lilichukua dakika hamsini. Paja limevunjika na mbavu mbili, wamemtia vyuma, na daktari alinitoa nje akaniambia angekaa chini ya kile chuma nusu saa zaidi, mguu ungekwenda na pengine yeye pia. Nilikaa kwenye kiti cha korido nikalia kama mtoto, si kwa huzuni, kwa kushusha pumzi. Mume wangu yuko hai. Analalamikia chakula cha hospitali. Sijawahi kufurahia malalamiko yake namna hii.

Hapo ningeishia, ila Derrick na Janelle walifika mbio, na mimi pale koridoni nimeshika simu gani mkononi? Ile ya Derrick. Akanikumbatia machozi yanamtoka, "Mama, ile simu! Si nilikuambia?" Na mimi nikasema ndiyo. Neno moja. Walipoondoka Arvid akaniambia, "Mimi nimevunjika paja, mdomo sijavunjika. Nitakunyamazia, lakini liseme mwenyewe, na usichelewe."

Nimechelewa. Derrick alimwambia Bwana Pulver, na Bwana Pulver anakuja Jumamosi kunipiga picha nimeishika simu, waibandike kubwa kwenye kioo cha duka, na Derrick ameahidiwa unaibu wa msimamizi. Na jana kanisani yule mama wa ng'ambo ya kijito, ambaye mumewe ana moyo mbovu, alinishika mkono akaniambia, "Lorna, na sisi tunachukua hiyohiyo." Nikatabasamu. Bi Maxine, nilitabasamu! Tangu hapo sili. Siku zangu kumi na nne zinaisha Ijumaa. Nikisema, namwaibisha mkwe wangu mbele ya mwajiri wake na binti yangu hatanisamehe. Nisiposema, naona mwenyewe kitakachotokea. Nifanye nini?

Lorna, bondeni Sandrock

* * *

Lorna,

Barua hungoja zamu. Yako nimeisoma Jumanne asubuhi, na kabla kahawa haijapoa nikawa nimeshakupigia, kwa sababu gazeti linatoka Alhamisi na wewe ulikuwa na haraka kuliko mtambo wa uchapishaji. Wasomaji wataniwia radhi, nawaeleza tuliyozungumza.

Kwanza nilikupa pole, na narudia hapa. Umempiga ng'ombe mwenye ndama kwa koleo. Wapo wanaume wazima katika kaunti hii wasiothubutu.

Kisha nikakukaripia, na hilo nalo narudia. Wewe hukukosea kununua simu mbili. Mtu anayetaka kumridhisha kila aliyeketi mezani kwake hununua vitu viwili viwili, na hasara ni yake. Ulikosea koridoni, lakini hata hilo nalielewa, ulikuwa umechoka na kijana analia begani mwako. Kanisani je? Pale ulikuwa umelala, umekula, umevaa vizuri, na mwanamke mwenye mume mgonjwa akakuambia anataka kuweka maisha ya mumewe kwenye simu ambayo wewe unajua haishiki. Ukatabasamu. Lile tabasamu ndilo lililokunyima chakula, na lilistahili kukunyima.

Nilikuambia usingoje Ijumaa, nenda kesho. Nilikuambia umwone Derrick peke yake, nje ya duka, kabla ya Pulver na kabla ya Janelle, umwambie yote kwa sentensi tatu bila kuzungushazungusha. Nilikuambia ubebe simu na boksi lake, waya wake na risiti, ufute picha zako, na usitoke dukani bila karatasi inayosema mkataba umevunjwa. Ukaniuliza, "Na akikasirika?" Nikakujibu basi atakasirika, ana miaka thelathini na mmoja, atapona.

Jana jioni ukanipigia wewe, na nilikuwa sijawahi kukusikia ukicheka.

Umeniambia ulimkuta Derrick nyuma ya duka anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, ukamwambia, na yeye akaketi juu ya boneti akafunika uso. Ulidhani analia kwa hasira. Akasema, "Mama, nilijua. Siku ile jikoni nilikuwa napiga kwa intaneti ya nyumbani kwenu. Nilijua mtandao wetu haufiki bondeni, nikakuwekea simu sikioni nikanyamaza. Wiki nzima najiuliza iliwezaje kushika zizini. Niliogopa kukuuliza, nisije nikasikia jibu."

Ukamwambia, "Basi wote wawili tulikuwa tunakimbia swali moja."

"Ningemuua baba, mama."

"Hujamuua. Anakula jeli hospitalini na anamtukana mpishi. Inuka, twende ndani."

Mkaingia. Bwana Pulver alinuna, na ananuna bado, lakini alipokea simu, akavunja mkataba, akatoa karatasi. Unaibu hakumpa Derrick, na sitawadanganya wasomaji kwamba ameupata kwa njia nyingine, hajaupata. Alichofanya kijana ni kwamba, akiwa bado amesimama pale kaunta, alimpigia yule mama wa ng'ambo ya kijito, akamwambia kwa jina lake mwenyewe, mimi Derrick ninayeuza hizi simu nakuambia usinunue kwetu, kwako haitashika, nenda ushirika. Pulver anamsikia. Janelle alipopata habari alikuja kwako na sufuria ya tambi za jibini, mkala hapohapo jikoni mmesimama, na umesema ulikula sahani mbili. Huyo ni mkwe, Lorna. Mtunze.

Umeniruhusu niyaache majina yote yalivyo, kwa maelezo kwamba Verna ameshamwambia kila mtu.

Sasa nyinyi wengine, maana tangu Jumatatu nimepata barua nne juu ya simu hiyohiyo. Toleo la kampuni si baya. Ukikaa mjini, mnara unauona dirishani na huna mpango wa kuhama, lichukue, utapata simu nzuri kwa bei ndogo na hivyo vitu vyao visivyofutika utavizoea kama unavyozoea mawifi. Lakini ukikaa nyuma ya kilima, au una mtoto jeshini ng'ambo unayetaka kumtembelea na kutia laini ya huko, lipa bei yote uwe huru. Kufuli la miaka mitatu halijali mvua wala kuzaa kwa ng'ombe. Na usikubali kuonyeshwa simu jikoni. Zima intaneti ya nyumba kwanza, kisha ndiyo muuzaji apige.

Jambo moja nikusahihishe, Lorna, lisije likawatia watu hofu ya bure. Nilipokea simu za dharura za kaunti hii kwa miaka ishirini na miwili kabla sijapewa ukurasa huu. Simu iliyofungwa, ikipiga namba ya dharura, kwa kawaida hubebwa na mnara wowote ulio karibu, hata wa kampuni nyingine. Kwa hiyo pigeni, msikae mkiangalia kioo kinachosema hakuna mtandao. Ila gari letu la wagonjwa lilikuchukulia dakika hamsini, na Verna dakika saba, na Verna hapatikani kwa namba ya dharura.

Katika miaka hiyo, simu zilizoninyima usingizi ni zile zilizokatika mtu akiwa anaanza kunitajia alipo. Kwa hiyo leo, kabla hamjala cha mchana, kila mmoja wenu atoke nje aende pale anapofanya kazi akiwa peke yake, zizini, kisimani, chini ya trekta, ampigie jirani yake aliye karibu kuliko wote. Jirani asiposikia vizuri, kesho asubuhi duka linafunguliwa saa tatu.

Maxine Rudd