Msumari wa Kumi na Saba

Stoo ya Vifaa,
Jengo la Pili, mlango wa nyuma.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Mgongo unasemaje? Shemeji ameacha kukohoa? Sisi wazima, ila goti langu la kushoto, ambalo limestaafu kabla yangu.

Habari kubwa ni kwamba nimerusha satelaiti. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii.

Haya, usicheke, nimepiga chuku. Wameirusha wengine, ng'ambo, juzi asubuhi, na mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki nikitazama skrini. Lakini bila mimi ingekwenda kipofu, na hiyo si chuku. Muulize binti yako.

Kazi yake, kama hukuelewa alipokueleza (na najua hukuelewa), ni mratibu. Jua huwa linachafuka, linatema chembe za moto zisizoonekana, redio zinakoroma, umeme unakatika. Satelaiti yetu inalichungulia mapema tupate kujihadhari. Sasa kati ya mafundi wapo wa kupima sumaku, wapo wa kupima chembe, wapo wa betri, na kila kundi linaona chombo chake ndicho satelaiti, vingine ni mizigo. Binti yako kila asubuhi anawasimamisha wote, hata wa nchi tatu za ng'ambo kwenye skrini: nani anamsubiri nani? Anayejibu "nadhani" anaambiwa akatazame, arudi.

Mimi natunza vifuniko vyekundu. Kila chombo chenye jicho huvishwa kimoja, lisiingie vumbi. Kabla satelaiti haijafungwa vyote huvuliwa, nami navitundika ubaoni. Misumari kumi na saba.

Siku ya kufunga, msumari wa mwisho ulikuwa mtupu, na makundi yote yameshatia saini kwamba tayari. Nikasema kimoja hakijarudi.

"Mzee, umefunikia chai tena!" akadakia fundi wa betri. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Sikufichi. Niliwahi kufunikia kikombe changu. Mara moja tu. Sawa, mara tatu. Nikageuza mifuko nje, nikawaonyesha kikombe wazi, nzi akiogelea ndani. Wapi!

Kufungua tena ni kazi ya siku mbili, na lori lilikuwa nje linanguruma. Binti yako anisikilize mimi, kisha kifuniko kikutwe stoo kwangu? Angeumbuka mbele ya nchi nne, na mimi ningerudi nyumbani kulea goti. Akanivuta pembeni.

"Baba Mkubwa, niangalie. Safari hii umechukua?"

"Safari hii, hapana."

Akanikazia macho kama mama yetu sukari ilipopungua. Kisha akawageukia: "Fungueni."

Mdogo wangu, kilikuwa kimekaa palepale juu ya jicho la chembe, chekundu kama ulimi! Waliolitengeneza walidhani watakaovua ni wale waliolifunga kwenye satelaiti. Waliolifunga wakaona si adabu kugusa jicho la wenyewe. Wakaachiana kwa heshima, wakatia saini pande zote mbili. Fundi wa betri hakujua aweke wapi uso. Nikampa kifuniko, akakitundike yeye.

Tangu siku hiyo kila kifuniko kina jina la mtu mmoja, si la kundi, na hakuna anayetia saini kabla binti yako hajauliza, "Misumari?" nami nikajibu, "Imejaa."

Juzi jicho lile likatuma namba zake za kwanza. Watu wazima na shahada zao wakarukaruka kama vifaranga! Binti yako akalia, akaanza kukumbatia watu. Katika nchi zote nne, alianza na mimi. Vimba kichwa, nakuruhusu.

Msalimie shemeji, dada yetu, na wale pacha wakorofi. Mungu awape afya na usingizi mwororo.

Ila kuna jambo. Ulipoondoka hapa mwaka juzi ulibeba kifuniko cha kikombe changu, kile cha bati chenye kishikio cha mbao, ukasema utakirudisha. Unaona ulikotaka kutufikisha? Kirudishe.

Wako akupendaye, anayekunywa chai na nzi,

Kaka yako