Pembe ya Kuonja

Jumatatu, 20 Julai 1953

Amerudi! Karwirwa, mwalimu mwenzangu, kaniletea habari katikati ya hesabu: Koplo Runji wangu ameshuka meli Mombasa, anapewa likizo. Nikaandika ubaoni tano na nne ni kumi na mbili. Darasa la kwanza lote likanakili, maskini.

Mwaka na nusu vitani ng'ambo! Mama hata hataki kulitamka jina la nchi yenyewe, Malaya, mbele ya watu. Anasema "kule".

Baba hakucheka. Alikuwa askari Burma, na tangu mwanzo anasema binti yake haolewi na askari. Huyo anapigania nchi ya nani, akauliza. Mimi nikaenda kukoroga uji, nikauimbia.

Alhamisi, 23 Julai

Kafyu ni jioni, kwa hiyo alikuja mchana. Yunifomu imepigwa pasi inaweza kukata mkate! Mama akakimbilia nyuma ya ghala — mama mkwe haonekani ovyo na mkwewe. Baba alikuwa anakama ng'ombe. Runji akasimama wima, visigino ta, akampigia saluti. Akamwita afande. Baba akaweka kibuyu chini, akanyoosha mgongo, akaijibu. Kwa mkono wa maziwa! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kisha wakabishana ruba wa Burma na ruba wa kule, nani mnene. Baba akasema wote wawili walilinda nchi za watu, na hakuna aliyewauliza habari za Embu kwetu. Lakini aliyelala kwenye matope ya vita humheshimu mwenzake. Basi wazee wa kwao walete pombe ya asali Jumamosi.

Naolewa mimi!

Ijumaa, 24 Julai

Chifu ameruhusu watu wachache tu. Sawa, hata wawili wananitosha. Gauni nimelijaribu tena na tena.

Moja tu linaniuma. Kaka yangu Kathuri. Kwa watu wote, na kwa Runji kwenye barua, tumesema yuko Timau, kwenye ngano ya mzungu. Yuko msituni tangu Pasaka, na wale wanaotafutwa na serikali. Mama bado humpakulia chakula. Runji nitamwambia. Tukishaoana.

Jumamosi, 25 Julai

Wazee wako uani. Asali inanukia hadi huku jikoni. Mimi ndiye wa kuonja kwanza: nikinywa nimekubali, nampa Baba, wote wanakunywa. Nisiponywa, wanabeba mtungi wao wanarudi kwao. Nilishika pembe iliyojaa pombe. Runji ananikonyeza, mjinga huyu!

Ndipo shangazi Wamuyu akamuuliza anarudi lini kambini. Jumatatu, akasema, uso wote meno. Kikosi chao kinapelekwa mlimani kusaka watu wa msituni, kazi ileile ya kule. Wataanzia Timau! Atamtafuta shemeji yake Kathuri, wapige picha pamoja. Yuko shamba la mzungu gani?

Baba akaviangalia viatu vya Runji. Akasema ngano nafikiri imeshavunwa, huenda kijana amehama.

Nikasema nyuki ameingia kwenye pembe, ngoja nichuje. Nikaja huku. Mama amejificha hapa kwa heshima ya mkwe, amesikia yote, ananitazama tu. Pembe iko kando ya daftari, imejaa. Haina nyuki.

Runji ananiita. Bado anacheka.