Binti Yangu Ananiogopa Tangu Nimsomee Habari za Ibrahimu

Shangazi mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, kwa kuwa bucha langu halina kiti, na ukiona doa kwenye karatasi usishtuke, ni la ng'ombe. Mimi ni muuza nyama, nina mke ambaye ni mkunga, nina binti wa miaka sita ambaye mtaa mzima unamwita Wakili kwa sababu ya maswali yake, nina mdogo wake ambaye bado anakula sabuni, na tunaishi na mama mkwe wangu, ambaye nitamfikia. Tatizo langu ni kwamba binti yangu anaamini nitamchinja.

Mchungaji wetu alihubiri kwamba nyumba isiyosoma Biblia pamoja na watoto ni kama chungu kisicho na mfuniko, kila mdudu ataingia, na mke wangu akanitazama, nami nikajua kazi hiyo imeniangukia, maana yeye ana zamu na wajawazito hawafuati ratiba ya mtu, basi Jumapili ile ile baada ya chakula nikawakalisha watoto mkekani, nikafungua ukurasa wa kwanza na kuanza kusoma kwa mpangilio, kama ninavyofanya kila kitu, sipendi kurukaruka. Uumbaji ulikwenda salama. Kwa Adamu niliulizwa nyoka alijifunza wapi kuongea, nikasema alizaliwa hivyo, tukapita. Tulipofika kwa Nuhu na safina yake, Wakili akauliza, "Na watoto ambao hawakuingia walienda wapi?" na mimi, Shangazi, nikiyatazama yale macho, nikasema walijua kuogelea.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele pale pembeni. "Walikufa wote," akasema, bila kuinua kichwa.

Wakili akanigeukia. "Baba, umenidanganya?"

Nikamwomba radhi, nikaahidi mbele ya mama yake kwamba tangu siku hiyo akiniuliza jambo la Biblia nitamjibu ukweli mtupu, na ahadi hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa sababu tukaendelea kusoma mpaka tukafika kwa Ibrahimu.

Nilisoma vizuri. Nilisoma Ibrahimu anavyopasua kuni, anavyompandisha mwanawe Isaka mlimani, anavyomfunga, anavyoinua kisu, malaika anavyomzuia, na kondoo dume aliyenaswa kichakani kwa pembe zake anavyotolewa badala ya mtoto. Mdogo wake alikuwa amesinzia. Wakili akaniuliza, "Baba, Mungu akikuambia unichinje, utanichinja?"

Nikaikumbuka ahadi yangu. Nikataka kusema ukweli, nisipunguze wala kuongeza. Nikasema, "Sijaambiwa bado."

Shangazi, neno "bado" ni dogo lakini limenivunjia nyumba. Zamani nikirudi jioni mtoto alikuwa ananirukia hata sijavua aproni, sasa anasimama nyuma ya mlango na kusema, "Onyesha mikono," nami naonyesha, ndipo anasogea, tena si sana. Jumamosi ilikuwa kawaida yetu kwenda buchani pamoja, yeye akikalia kreti la soda na kuwasalimia wateja, lakini Jumamosi ile nilipomwita akauliza, "Tutarudi wote wawili?" na jirani yetu fundi baiskeli akaacha kupiga pampu ili asikie jibu. Kisha akataka kondoo. Alisema Ibrahimu alikuwa na bahati tu kwamba kondoo alikuwa karibu, na kwetu hakuna hata kichaka. Nikamletea kondoo dume, maana kwa kazi yangu si taabu, nikamfunga uani, nikadhani yamekwisha. Hayajaisha. Kila asubuhi kabla ya chai anakwenda kuhakikisha kondoo yupo, na kondoo amekwisha kula shuka la mama mkwe.

Mama mkwe anasema, "Mkwe wangu, mtoto hupewa uji kabla ya nyama. Kifunge hicho kitabu mpaka wakue." Mke wangu anasema tusikifunge. Yeye anasema, "Baba Wakili, mjibu mtoto. Ungefanya nini?" Aliniuliza hivyo akiwa anafunga kamba za viatu vya kazi, akangoja, kamba zikaisha kufungwa, mimi sijatamka neno, kwa maana nimekulia kanisani, nikisema ningekataa nimemkana Mungu, nikisema ningekubali nimempoteza mtoto, kwa hiyo nimechagua kuchelewa buchani, nanoa visu vilivyokwisha kunolewa, nikifika nyumbani wamelala.

Nikifunge kitabu au niendelee? Na huyu kondoo nimfanyeje?

Ni mimi,
Baba Wakili


Baba Wakili,

Kaa kwenye lile kreti la binti yako, maana siku hizi halina mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili ni kwa sababu sikuamini ya kwanza. Mtu mwenye ndoano ukutani na shoka juu ya gogo anaulizwa na mtoto wa miaka sita kama atamchinja, naye anajibu "bado". Baba, hata muuza maua hajibu hivyo. Umeruka majivu ukakanyaga moto: jana ulimdanganya ili asiogope, leo umemwogopesha ili usidanganye, na katikati ya hayo mawili palikuwa na nafasi kubwa ya kupita wewe na ng'ombe wako.

Lakini nakuonea huruma. Wengi wanaoniandikia kuhusu watoto wao hawajawahi kuketi nao mkekani hata dakika moja. Wewe umeketi, umesoma, umeulizwa, umeomba radhi kwa mtoto. Baba anayeomba radhi kwa mtoto simpati kila wiki. Kwa hiyo nakugombeza kama mtu ninayemtarajia mema.

Sasa sikiliza. Wewe unadhani umeletewa kesi ya Ibrahimu uiamue. Hakuna aliyekuletea. Wenye elimu ya dini wameijadili tangu kale na bado wanakohoa, wewe hutaimaliza kati ya kilo ya mifupa na nusu ya maini. Mtoto hakuuliza habari za Ibrahimu. Ameuliza habari zako. Ameona kisu kwenye hadithi, akaona visu vya baba yake, akajumlisha, na hesabu yake haina kosa ila moja: hajui kwamba mikono yako ni salama, kwa sababu mwenye mikono hajamwambia. Badala ya kumwambia umemnunulia kondoo. Umemthibitishia kwamba hatari ipo.

Leo funga bucha jua likiwa juu. Visu vimekwisha nolewa, umesema mwenyewe. Vua aproni huko huko, nawa, nenda nyumbani, keti chini ili macho yenu yalingane, umwambie: "Sitakuumiza. Sitakuumiza kamwe, na neno lile nilikosea." Usianze na "lakini". Usimletee malaika wala mlima. Akiuliza zaidi, jibu kama baba, usijibu kama shahidi mahakamani. Na kama unaogopa Mungu atakasirika ukimwambia mtoto wako kwamba yuko salama nawe, basi soma upya pale mkono ulipozuiwa. Ulipasoma vizuri, umesema. Hukupasikiliza.

Kitabu usikifunge. Mama mkwe wako ana nusu ya haki: uji kabla ya nyama. Lakini hakuna mtu aliyemlisha mtoto uji kwa kufunga jiko. Biblia ina uji wa kutosha. Kuna Zakayo mfupi aliyepanda mti, kuna mwanamke anayefagia nyumba kutafuta sarafu, kuna Samweli anayeamka kila akiitwa jina. Anza na hao. Acha kusoma kama mtu anayeshusha mzigo kwenye lori, wa juu kwanza. Soma kifupi, waache waigize, mmoja awe Zakayo na wewe uwe mti, uache kabla hawajachoka. Mkeo akiwa zamu, msubirini, maana jambo hili ni la nyumba nzima na si adhabu yako peke yako. Mama mkwe umwombe kwa heshima, faraghani, kwamba akiona umekosea akusahihishe watoto wakiwa wamekwenda kucheza. Na ukiulizwa usichokijua, kuna neno "sijui". Ni la kweli, ni fupi, na halijawahi kumkosesha mtoto usingizi.

Kondoo usimchinje. Narudia kwa kuwa naijua kazi yako: usimchinje. Wala usimwondoe kwa uamuzi wako. Mtoto ndiye aliyemweka awe mlinzi, na mtoto ndiye atakayesema mlinzi aende zake. Siku hiyo mpeleke kwa mfugaji, binti yako akishika kamba. Shuka la mama mkwe ulilipe wewe.

Shangazi


Baba Wakili ameandika tena, na kwa ruhusa yake naweka maneno yake hapa.

Shangazi, nilifunga mapema. Fundi baiskeli akauliza kama kuna msiba. Nilimkuta Wakili uani, nikaketi chini kama ulivyosema, nikamwambia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na Mungu akikuambia?" Nikasema, "Nitasema hapana." Akauliza, "Kwa sauti?" Nikasema kwa sauti. Akataka asikie. Nikasema hapana. Akasema hiyo haifiki mbinguni. Basi nikapaza sauti, "Hapana!" na mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi akauliza, "Mkwe wangu, unagombana na nani?"

"Na Mungu," akasema Wakili. "Yamekwisha."

Akaenda kucheza. Mimi nikabaki pale chini, Shangazi, na mama mkwe akarudisha mwiko jikoni, akaniletea maji. Wiki hiyo hiyo Wakili akasema kondoo anaweza kwenda. Tulimpeleka sote, mpaka mdogo wake mgongoni kwa mama yake.

Jumapili tukasoma habari za Yesu kulala chomboni dhoruba ikivuma. Mke wangu alikuwepo. Wakili akaniuliza kwa nini Yesu alilala wakati wenzake wanaogopa. Nikasema sijui. Mama mkwe akavuta pumzi ya kujibu, akaitazama dari, akaiachia pumzi ikaenda bure. Kisha akashindwa kuvumilia, akaniuliza mimi kwa upole kama kweli kanisani hawakutufundisha jambo hilo.

"Bibi, usimwulize Baba," akasema Wakili, "hajui. Lakini anasoma vizuri."

Mke wangu akaniambia niendelee, tuone dhoruba ilitulia vipi. Nilishindwa kufungua ukurasa unaofuata, kwa sababu mtoto alikuwa ameulalia mkono wangu.