Huyu ni Mgeni Kwetu

Lavington, Nairobi
3 Machi 1956

Dada Mishi,

Assalaam alaikum. Natumai wewe, shemeji Athman na watoto hamjambo. Mimi mwili mzima, ila nafsi haijatulia, nami si wa kukuficha.

Bwana niliyekuwa nikimpikia amerudi kwao Ulaya na nyumba ameifunga. Nimebaki sina kazi wala chumba, na hapa Nairobi kukosa chumba ni kosa la kushtakiwa. Juzi natoka msikitini mjini, askari akanisimamisha.

"Wewe nalala wapi? Jina yako nani?"

"Mgeni."

"Naona wewe mgeni. Mimi nauliza jina!"

Nilicheka, dada. Hicho ndicho kilichoniponza.

Hakimu ameniita mzururaji. Amenipa hadi tarehe kumi na sita nilete neno kutoka kwetu kwamba nina nyumba na ndugu, nipewe tikiti ya gari la moshi nirudi. Nisipolileta, nitafungwa kambini. Kwa sasa nalala kwa kujificha kwa Nashon, Mjaluo anayetunza bustani ya jirani. Niandikie kwa sanduku la bwana wake.

Jambo moja linanitia baridi. Mbwa wa jirani amenibwekea miaka minne kila nikipita. Tangu juzi habweki. Anatazama nyuma yangu, kana kwamba hapo nilipo hapana mtu.

Mdogo wako,
Mgeni bin Amin


Takaungu
15 Machi 1956

Mdogo wangu Mgeni,

Waalaikum salaam. Sisi wazima, isipokuwa goti la Athman, ambalo likiuma nyumba nzima tunachechemea.

Barua yako ililala Kilifi siku tisa bila mtu wa kuileta. Nimeipata leo alfajiri. Sikungoja hata uji uive. Nilikwenda kwa miguu, nikavuka kivuko, nikaingia posta kupeleka simu ya maandishi. Nilitaka iseme: huyu ni Mgeni, ndugu yangu wa tumbo moja, kwetu ni Takaungu na nyumba ipo. Karani akaniambia, "Mama, simu si barua. Punguza." Akakata huku, akakata kule, ikabaki: HUYU NI MGENI KWETU TAKAUNGU.

Fupi, lakini yote yamo. Itamfikia hakimu kesho asubuhi. Kitanda chako nimekianika. Ukija usituletee mapishi yako ya Kizungu yasiyo na chumvi.

Dadako,
Mishi


Kambini, Nairobi
25 Machi 1956

Dada Mishi,

Salamu nyingi. Usiniulize afya, nitakuambia mwenyewe: nakula, nalala, nakonda.

Simu yako ilisomwa barazani. Mkalimani alisimama wima akaisoma kwa sauti: huyu ni mgeni kwetu Takaungu. Kisha akamgeukia hakimu: "Bwana, hata dada yake amemkana." Nikapaza sauti, Mgeni ni jina langu! Watu wote wakacheka. Sikukulaumu hata kidogo, dada. Naapa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nimepewa siku ya kwanza. Tunafyeka nyasi kandokando ya barabara za wakubwa. Kitabuni wameandika, Jina: mgeni. Kwao: mgeni.

Sikia ajabu ya hapa. Jioni wakituhesabu kwa vichwa, tunazidi mmoja. Wakituita kwa majina, mmoja hana jina la kuitikia. Kila jioni hesabu inakataa, na kila jioni askari wananipita bila kunitazama. Jana nilimgusa mmoja bega. Akajikung'uta, akaendelea kuhesabu.

Nashon hupita hapa Jumapili, na barua anaipokea kupitia seng'enge. Naye sasa huniita mara mbili tatu kabla ya kuniona, na mimi niko mbele yake. Tuma neno jingine upesi. Taja jina la baba. Taja kovu langu la kidevuni. Nataka kurudi nyumbani ningali mtu.

Mdogo wako,
Mgeni


Takaungu
10 Aprili 1956

Ndugu yangu, damu yangu,

Sina salamu, nina machozi. Ni mimi niliyekufunga kwa mkono wangu.

Nimeandikiwa barua na mudiri, mkubwa wa serikali wa hapa kwetu, ina muhuri, ina jina la baba na la babu, na kovu. Naituma pamoja na hii.

Sasa nikuulize, na usinicheke. Ijumaa iliyopita, tarehe sita, wanaume wako msikitini, mimi napepeta mchele. Nikasikia hodi. Sauti ni yako, Mgeni, ile inayokwaruza kidogo mwishoni. Nikainuka mbio. Kisha nikaangalia chini ya mlango, pale penye upenyo, jua linawaka nje, na sikuona miguu. Unakumbuka mama alivyotufundisha: hodi isiyo na miguu haiitikiwi. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu. Nilijiziba mdomo na bangili zikalia.

Niambie hukuwa wewe. Niambie uko Nairobi na jembe lako.

Dadako,
Mishi


Lavington, barabarani
6 Aprili 1956

Dada Mishi,

Salamu. Leo ni Ijumaa na sijambo, sina hata uchovu.

Tumeletwa kufyeka mbele ya nyumba ile ile niliyokuwa nikipika. Adhuhuri nimekaa kivulini, nikafumba macho, nikajikuta nimesimama mlangoni petu. Mlango mmeupaka kijani. Mbona hukuniambia? Umependeza.

Nikapiga hodi mara tatu, kama tulivyolelewa. Nilisikia bangili zako. Nikangoja kidogo. Asiyeitikiwa mara tatu adabu yake ni kurudi, basi nimerudi. Sikukasirika, dada. Najua nyumba ina wenyewe.

Mgeni


Takaungu
2 Mei 1956

Mgeni bin Amin, ndugu yangu,

Tumo katika Ramadhani.

Barua yako ya Ijumaa ile imenifikia juzi kwa posta kutoka kwa Nashon, ndani ya bahasha moja na ile yangu, ambayo kambi imeirudisha haijafunguliwa. Juu yake wameandika: Wageni ni wengi. Yupi? Nashon anasema uliipitisha kwake juu ya ua siku ile ile, na tangu hapo amekwenda kambini Jumapili tatu hakukuona. Aliuliza mlangoni, akajibiwa hakuna aliyetoroka wala aliyekufa. Wamefurahi tu kwamba hesabu yao sasa imetimia.

Mlango tuliupaka kijani mwezi wa Shaabani. Sikumwambia mtu wa Nairobi.

Mama alikuita Mgeni baada ya kuzika watoto watatu, ili kifo kikija kikudhani mpita njia kikuache. Naogopa jina hilo. Naogopa zaidi kwamba niliisikia sauti yako nikanyamaza.

Barua hii nampelekea Nashon. Nimemwomba aisome kwa sauti mbele ya nyumba ile uliyokuwa ukipika, kila Ijumaa adhuhuri. Jana nilimwambia Athman aung'oe mlango. Aliinuka na goti lake hilo hilo, akaenda kuleta nyundo. Majirani wanatuuliza tunalalaje. Tunalala hivyo hivyo, na mkeka wako uko penye kizingiti. Usipige hodi tena, Mgeni. Pita tu.

Dadako,
Mishi