Madonge Kwenye Kiini

Kibaha, Jumatano jioni, 1974

Sijamwambia mtu yeyote: naogopa nitakuja kutetemeka kama bibi yangu wa Maneromango.

Leo kila mtu alitazama seli za shavu lake kwenye hadubini. Wenzangu viini vyao ni laini. Changu kina madonge, kama uji uliokorogwa vibaya.

Mwalimu alichungulia, akaacha Kiingereza ghafla. "Protini zimegandana tu, binti. Rangi ya kutilia seli imezidi. Kiini macho hicho!" Darasa zima likacheka.

Mbona basi kile kioo chenye seli zangu alikitia mfukoni? Mbona aliniuliza mlangoni, "Kwenu kuna mgonjwa?" Nikajibu hakuna.

Kesho nitamwambia ukweli kuhusu bibi, hata kama...

Matroni anakuja, nasikia viatu vyake. Naficha daftari. Mwandiko umepinda kwa haraka tu, si mkono.